Nyimbo zako ziko wapi? Uliza hivyo kabla ya kupakua programu

NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964. Baadaye ikaitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo mashabiki wake wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Kwa mtu aliyekulia Ilala au Temeke hiyo ni bendi moja, ambayo kwa miaka mingi ilibadili jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadili la kwake. Kwa programu ya muziki iliyomo kwenye simu, hao ni wasanii wanne wasiojuana. Ukitafuta kwa jina la leo unaweza kuukosa wimbo uliorekodiwa kwa jina la zamani, ukaondoka ukiamini haupo.

Wengi wanaotaka ushauri wa programu ya muziki huanza na swali jingine: ipi ina nyimbo nyingi? Zote zina nyingi kupita umri wako. Spotify na Apple Music kila moja inajitangaza kuwa na nyimbo zaidi ya milioni 100. Tuseme kila wimbo ni wa dakika tatu: ukizisikiliza usiku na mchana bila kulala, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 500. Wingi huo haukusaidii kitu kama zile nyimbo 200 unazozipenda wewe hazimo. Kwa hiyo kwanza ujue zako ziko wapi, ndipo uchague chombo cha kuzipigia.

Kwa msikilizaji wa muziki wa Kiswahili jambo hili lina historia yake. Tanzania ya miaka ya 60 na 70 haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka kazi yake itoke kwenye santuri ilifunga safari hadi Nairobi, zilikokuwa kampuni za kurekodi pamoja na mitambo. Ndivyo zilivyotoka kazi nyingi za Mbaraka Mwinshehe, ambazo baada ya kifo chake mwaka 1979 wengi wamezifahamu kupitia mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Nyimbo nyingine, tena nyingi, zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, kwenye mikanda, kwa ajili ya kurushwa hewani. Hazikuwa bidhaa ya dukani. Wasikilizaji walikaa karibu na redio-kaseti, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi, wakazinasa. Kisha kaseti moja ikazaa nyingine, mtaa hadi mtaa.

Zaidi ya miaka arobaini baadaye tofauti hiyo bado inaonekana kwenye simu yako. Santuri ya Nairobi ilikuwa na kampuni na mkataba, hivyo kuna mtu wa kuipeleka kwenye maduka ya kidijitali na kudai chake. Rekodi ya RTD iliyonaswa nyumbani haina mtu wa namna hiyo, na nyingi hazijafika huko. Muziki mwingine umefika huko kwa njia za mzunguko. Kampuni ya Ufaransa iitwayo Buda Musique, kwa mfano, imetoa mfululizo wa albamu unaoitwa Zanzibara: ya kwanza ni ya Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, na ya tatu imekusanya muziki wa dansi wa Tanzania. Mtu anayetafuta taarab ya Mombasa au dansi ya Dar atapata zaidi akiandika Zanzibara kuliko akiandika jina la mwimbaji. Na majina yenyewe yaandike kwa kila namna unayoweza kuifikiria, maana aliyeyaingiza huenda hakuwahi kumsikia mtu akiyatamka. Mwinshehe, Mwishehe, Marijani, Marijan: jaribu yote kabla ya kukata tamaa.

Sehemu kubwa ya muziki wetu, basi, haiko kwenye programu yoyote ya kulipia. Iko kwenye memori kadi ya baba, kwenye flashi iliyochomekwa kwenye redio ya gari, kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa zilipendwa, na kwenye kompyuta za vile vibanda vya kuingiza nyimbo na filamu. Programu ya kwanza ya kuchagua ni ya kupigia nyimbo hizo zilizomo tayari ndani ya simu, na ndiyo watu huidharau. Wanatumia iliyokuja na simu, inawatupia matangazo ya kamari katikati ya kwaya, wanavumilia.

Si lazima kuvumilia. VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, ilianza kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale ya Paris na sasa inasimamiwa na VideoLAN, asasi isiyofanya biashara. Haina tangazo hata moja, na inapiga karibu kila aina ya faili, yakiwemo yale ya ajabu yanayotoka kwenye rekoda za zamani. Mwenye iPhone ndiye atakayeishukuru zaidi, kwa kuwa Apple haikuwahi kuifanya kazi ya kuingiza MP3 yako mwenyewe kuwa nyepesi. VLC inakupa anwani ya kuandika kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, unaburuta nyimbo, zinaingia.

Kwa Android mimi naipenda zaidi Musicolet. Haiombi hata ruhusa ya kutumia intaneti, na hiyo peke yake inatosha kunifanya niiamini. Uzuri wake mwingine ni kwamba inakubali foleni nyingi za nyimbo kwa wakati mmoja. Simu za watu wengi hapa kwetu hazina muziki mtupu. Zina mawaidha ya saa nzima, mahubiri, visomo vya Kurani, na taarab ya kisasa ambayo wimbo mmoja hukaribia robo saa. Programu iliyobuniwa kwa ajili ya nyimbo za dakika tatu huwa inasahau ulipoishia. Unakatisha mahubiri kupokea simu, ukirudi umeanza upya kwenye sala ya ufunguzi. Ukiweka mawaidha kwenye foleni yake na singeli kwenye foleni nyingine, kila moja inakusubiri pale ulipoiacha. Wanaopenda kuchezea besi na sauti za juu watasikia watu wakiisifu Poweramp, na sifa zake ni za haki, ila baada ya muda wa majaribio lazima uinunue.

Kisha kuna tatizo la majina. WhatsApp ya Android ikipokea wimbo mara nyingi huupa jina linaloanza na AUD, tarehe, kisha WA na namba. Baada ya miaka miwili una nyimbo mia tatu zinazoitwa hivyo, na kumpata Bi Kidude humo ni bahati nasibu. Ndani ya faili la MP3, hata hivyo, kuna nafasi ya kuandika jina la wimbo, la msanii na la albamu. Utaratibu huo, uitwao ID3, ulibuniwa mwaka 1996 na Eric Kemp, na toleo lake la kwanza lilikuwa baiti 128 tu zilizobandikwa mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lilipewa herufi 30, basi. Ukiona wimbo wa taarab ambao jina lake limekatika katikati ya neno, huenda ukawa umetembea na lebo hiyo tangu enzi za kunakili CD.

Programu nzuri inakuwezesha kuziandika upya lebo hizo mwenyewe, na Musicolet inafanya hivyo bila kuuliza intaneti. Jioni moja ya mvua yatosha kuzisafisha nyimbo hamsini. Hapo ndipo unaweza kuirudishia Msondo heshima yake: unaandika jina moja la bendi kwenye nyimbo zote, iwe ni za enzi za NUTA au za OTTU, na jina la enzi unaliweka kwenye sehemu ya albamu. Hakuna jukwaa la kulipia litakalokufanyia hivyo. Angalia pia kama programu inakuruhusu kuyafungia nje baadhi ya mafolda. Usipofanya hivyo, katikati ya wimbo wa bendi ya Sikinde itaingia rekodi ya kikao cha kamati ya harusi, mweka hazina akisoma majina ya ambao hawajatoa mchango.

Baada ya hapo ndipo tuingie mtandaoni.

Boomplay wengi hawakuichagua, waliikuta. Ilianza mwaka 2015 nchini Nigeria chini ya mwavuli wa Transsion, kampuni ya China inayotengeneza simu za TECNO, Infinix na itel, na huwekwa ndani ya simu hizo kabla hazijafika dukani. Isikutishe kwa hilo. Kwa bongo fleva, gengetone na muziki wa Nigeria ina hazina nzuri, wasanii wa hapa wanaichukulia kwa uzito, na ina malipo ya siku na ya wiki, jambo ambalo kampuni za Ulaya zimechelewa kulielewa. Mtu anayenunua bando kwa siku na unga kwa robo hawezi kushawishiwa na ada ya mwezi. Matangazo yake kwa asiyelipa, hata hivyo, yanachosha.

Mdundo ilianzia Nairobi na iliingia kwenye soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020. Inakwenda njia nyingine kabisa: unapakua MP3 halisi bila malipo, na gharama inalipwa na tangazo lililounganishwa na wimbo wenyewe. Faili ni lako, unaweza kumrushia jirani kwa Bluetooth, na tangazo linakwenda naye. Wapenzi wa miksi za madijei wataifurahia. Anayetaka albamu kwa mpangilio wake, wimbo baada ya wimbo, hataifurahia.

Audiomack, ya New York, inamruhusu hata asiyelipa kuhifadhi nyimbo na kuzisikiliza bila bando, ingawa kwa baadhi ya nyimbo kuna kikomo. Vijana wanaotafuta wasanii ambao bado hawajapata jina hukutana huko. Spotify ilifika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda mwezi Februari 2021. Sifa yake kubwa ni kukisia utakachopenda, na kwa muziki wa nje inakisia vizuri mno. Kwa Kiswahili nimeiona ikiyumba: unaanza na taarab asilia, nyimbo sita baadaye uko kwenye amapiano na hujui umefikaje. Asiyelipa hawezi kuhifadhi nyimbo ndani ya simu. Apple Music nayo haina toleo la bure baada ya muda wa majaribio, lakini inapatikana hata kwa Android, jambo ambalo wengi hawalijui.

Na YouTube? Ndiyo programu ya muziki ya taifa, tukubali. Kila kitu kimo, hadi zile rekodi za RTD zilizopandishwa na watu binafsi kwa picha moja ya bendi iliyofifia. Ubaya wake ni kwamba asiyelipa kwa kawaida akizima kioo muziki unakatika, kwa hiyo utamwona mtu kwenye daladala simu inawaka mfukoni, betri inaisha na bando linaisha, kwa ajili ya wimbo ambao haangalii video yake.

Bando ndilo linaloamua mambo mengi, na hesabu zake hazihitaji ufundi. Ubora wa sauti ya kidijitali hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Spotify, ikiwekwa kwenye kiwango cha chini kabisa, hutumia kilobiti 24, ambayo ni kama MB 11 kwa saa. Kiwango cha kawaida ni 96, yaani MB 43 kwa saa. Cha juu sana ni 320, na hicho kinakula MB 144. Chukua mkazi wa Mbagala anayekwenda Posta na kurudi, saa mbili za foleni kwa siku, siku 26 za mwezi. Kwa kiwango cha chini atatumia kama MB 560 kwa mwezi mzima, kwa kiwango cha kawaida GB 2.2, kwa kiwango cha juu GB 7.5. Safari ni ile ile na nyimbo ni zile zile. Mipangilio hiyo imo ndani ya kila programu kubwa, na mara nyingi imewekwa ijiamulie yenyewe. Iingilie. Chagua cha chini unapotumia bando la simu, cha juu unapokuwa kwenye Wi-Fi, na uzime kabisa upakuaji wa nyimbo kwa bando.

Kuna wanaosema chini ya ubora wa CD hakuna muziki. Wana hoja wakiwa na spika nzuri na chumba tulivu. Apple Music imetoa nyimbo zisizopunguzwa ubora tangu mwaka 2021, na wengine wamefuata. Lakini Bluetooth ya kawaida huibana sauti upya kabla haijafika sikioni, kwa hiyo anayesikiliza kwa spika za masikioni zisizo na waya analipia bando la kitu asichokipata. Na rekodi iliyonaswa redioni kwa kaseti mwaka 1982 haiponi kwa kuongezewa kilobiti.

Malipo yana mitego yake midogo. Kabla hujaizoea programu yoyote, fungua ukurasa wake wa kulipia uone kama inakubali pesa ya simu unayotumia, iwe M-Pesa au Airtel Money, au inadai kadi ya benki. Kadi ya mtandaoni ya Visa inayofunguliwa ndani ya M-Pesa inasaidia, ila kumbuka malipo hayo hujirudia yenyewe kila mwezi hadi uyakatishe; mwezi wa majaribio ya bure ndivyo unavyogeuka kuwa mwaka wa kulipa. Na nyimbo ulizohifadhi ndani ya programu ya kulipia umezikodi tu. Spotify inaruhusu hadi nyimbo 10,000 kwenye kila kifaa, kwa vifaa vitano, lakini lazima uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30. Ukikaa kijijini pasipo na mtandao kupita hapo, au ada ikikwama, zinafungwa. Huwezi kuzihamishia kwenye flashi wala kumpa mtu.

Nitapita haraka kwenye usalama kwa sababu kanuni zake ni fupi. Programu ya kupiga muziki haina kazi na orodha ya majina kwenye simu yako, wala na ujumbe mfupi; ikiomba, iondoe. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, ruhusa ya kusoma nyimbo imetenganishwa na ya kuona picha, kwa hiyo hata albamu ya familia haina sababu ya kuguswa. Zile Spotify za bure kabisa zinazosambazwa kwenye makundi, zilizochokonolewa na watu wasiojulikana, ziache. Unaandika neno lako la siri ndani ya kitu ambacho hujui nani amekifungua.

Na kama muziki unakatika wenyewe dakika chache baada ya kuzima kioo, usikimbilie kuilaumu programu. Simu nyingi za bei nafuu huua chochote kinachofanya kazi nyuma ya kioo ili kutunza betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta jina la programu yako, uiondolee vizuizi. Nimeona watu wakibadilisha programu nne kwa tatizo hilo moja.

Suala la msanii anapata nini nalo lina upande wake wa zilipendwa. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Wimbo mpya wa bongo fleva unavuka idadi hiyo kabla ya chai. Wimbo wa dansi wa mwaka 1978, unaotafutwa na wastaafu na wajukuu wao wachache, unaweza usifike, na kilichopaswa kuwa chake kinakwenda kwa wengine. Sioni sababu ya kuikimbia Spotify kwa hilo, lakini anayelipia akidhani anawatunza wazee wa Msondo au Sikinde afahamu kwamba kiingilio cha ukumbini siku wanapopiga kinawafikia haraka zaidi.

Mimi nikiulizwa niseme moja, nasema mbili: ya kupigia mafaili, ambayo hailipiwi na haiondoki, na moja ya mtandaoni unayoilipia kwa wiki ukiwa nacho na kuiacha usipokuwa nacho. Ya pili unaweza kuibadilisha hata kila mwezi. Ya kwanza ndiyo ya kutunza, kwa sababu simu ikiibiwa Boomplay itarudi ukiandika namba yako, lakini wimbo wa WhatsApp uliokuwa humo hautarudi, na memori kadi hufa bila kuaga. Nunua flashi yenye ncha mbili, ya kompyuta na ya simu, unakili kila kitu. Google Drive nayo inakupa GB 15 bila malipo, ukigawana na barua pepe na picha zako. Wimbo wa dakika nne wenye ubora wa kilobiti 128 ni kama MB 4, kwa hiyo hata GB 5 zinabeba zaidi ya nyimbo elfu moja. Andika lebo kwanza, ndipo unakili, la sivyo utaifanya kazi hiyo mara mbili.